Alistaafu kwa mujibu wa sheria

Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akastaafu kwa mujibu wa sheria, akaanza kusumbuliwa na presha. Aliyezoea misiba ya Kikristo hapa Tanzania anaweza kuusoma wasifu wa marehemu bila karatasi. Kinachochukua nafasi kubwa ni ugonjwa: zahanati, hospitali ya wilaya, rufaa ya Muhimbili, hali ilivyobadilika alfajiri. Mzee wa miaka 76 anaelezwa kwa wiki zake za mwisho.

Sababu naielewa. Waombolezaji wanataka kujua kafaje, na familia inataka kuwawahi watakaosema karogwa. Hata orodha ya watoto ina kazi yake. Anayetajwa mbele ya umati ule ana pa kusimamia siku kikao cha ukoo kitakapokaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi na muhtasari kupelekwa mahakama ya mwanzo. Ndiyo maana "ameacha watoto watano" huzua minong'ono kuliko mahubiri yote.

Lakini mzee mwenyewe yumo wapi humo? Alisimuliwa usiku wa kuamkia mazishi, nje, penye moto na karata, na ndani kwenye mikeka ya akina mama, ambako nasikia ndiko kunanoga zaidi. Huko utasikia habari za aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa na Operesheni Vijiji mwaka 1974 akarudi gizani kung'oa milango ya nyumba yake. Au za mwenye duka aliyefukia katoni za sabuni shambani mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, ulipopamba moto, kisha mvua ikanyesha na shamba likatoa povu. Labda limeongezwa chumvi, hilo povu. Mimi nalitaka hivyo hivyo, maana wajukuu wanacheka na kuuliza: kwani sabuni ilikuwa kosa? Hapo mtu anaanza kueleza foleni za maduka ya kaya, yaliyouza bidhaa kwa mgao, na historia ya nchi inapita bila mwalimu.

Kosa tunalifanya pale tunapomkabidhi kazi ya kuandika kijana aliyesoma kuliko wote, tukamfungia chumbani na kompyuta. Huko chumbani atapata tarehe tu. Apelekwe kwanza motoni, akae na wazee mpaka usiku wa manane, ya kufichwa ayafiche, ugonjwa aupe sentensi mbili. Mchungaji akitoa dakika tano, Muhimbili ipunguzwe, sabuni isomwe.