Draiva Inayodanganya Ni Mbaya Kuliko Waya Uliokatika

Simu ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa mama mmoja mwenye vizimba vya ngege upande wa Dunga, hapa Kisumu. "Nyathina," yaani mwanangu, "njoo uone samaki." Hakusema zaidi ya hapo.

Nilifika jua halijachomoza vizuri. Vizimba viwili vilikuwa vimejaa ngege walioelea matumbo juu. Na kwenye skrini ya kisanduku cha kupimia maji nilichokifunga kwa mikono yangu, oksijeni ilisomeka miligramu 6.4 kwa lita, kiwango ambacho mfugaji yeyote angelala nacho usingizi mnono. Nikafungua rekodi za usiku: 6.4, 6.4, 6.4, kuanzia saa tatu usiku hadi dakika ile niliyosimama pale.

Maji ya ziwa hayakai hivyo. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Giza likiingia, mwani huohuo pamoja na samaki na uozo wa chini vyote vinaivuta, kiwango kinateremka usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Ikishuka chini ya miligramu 3, ngege huanza kutaabika. Nambari isiyotikisika kwa zaidi ya saa nane haikuwa imetoka majini.

Ilikuwa imetoka kwenye draiva, programu ndogo inayoongea na sensa na kuleta nambari zake. Sensa ile inazungumza Modbus, lugha ya vifaa ya kuuliza na kujibu, kupitia waya wa aina ya RS-485, na kiungio kimoja kilikuwa kimeingia maji. Majibu yalifika yameharibika. Draiva ikakagua CRC, nambari ya mwisho wa ujumbe inayoonyesha kama umefika salama, ikaona hailingani, ikalitupa jibu. Hadi hapo ilifanya kazi yake. Kisha ikachukua thamani ya mwisho iliyokuwa kwenye kumbukumbu na kuirudisha kana kwamba imesomwa sasa hivi. Mistari miwili tu ya msimbo. Draiva hiyo niliichukua mtandaoni ikiwa tayari, nikaijaribu mezani, ikasoma, nikaridhika. Mama yule alilipia mistari ile miwili.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja na siuachi: kazi ya kwanza ya draiva ni kusema wazi pale isipojua. Kusoma sensa ni kazi ya pili. Waya ukikatika na skrini ikaandika "sensa haijibu", mfugaji anachukua tochi na kwenda kuangalia. Skrini ikimwambia 6.4, analala.

Wapo wanaorudisha sifuri kila usomaji unapokwama, wakiamini ni salama zaidi. Huo nao ni uongo, ila umegeuzwa upande. Oksijeni sifuri inapiga king'ora, mtu anaamka, anakuta samaki wazima. Akiamshwa mara tatu bure, mara ya nne anazima simu. Kitendakazi cha kusoma, yaani kipande cha msimbo kinachosoma sensa, kirudishe vitu vitatu: hali ya usomaji, thamani, na saa iliposomwa. Hali ikiwa mbaya, thamani isitumiwe na programu yoyote inayoitegemea draiva.

Ili draiva iweze kusema ukweli huo, aliyeiandika lazima ajue kinachotokea kwenye waya, na hapa ndipo wengi wetu tunapopita haraka. RS-485 ni kama mlango mmoja wa kuingilia na kutokea: chipu yako ikiwa inasema haisikii, na pini moja ndiyo inayogeuza upande. Kwenye STM32, chipu zinazoendesha vifaa vidogo kama hivi, kuna bendera mbili zinazofanana kwa mtu mwenye haraka. TXE inasema rejista ya kutuma, nafasi ndogo ambamo baiti husubiri zamu, iko tupu. TC inasema biti ya mwisho imekwisha kutoka kwenye waya. Ukigeuza pini kwa kuifuata TXE, baiti ya mwisho bado iko njiani. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde inahitaji karibu milisekunde moja kumaliza. Unaikata katikati. Baiti hiyo ni nusu ya CRC, kwa hiyo sensa inapokea ombi bovu na kunyamaza, kama Modbus inavyoiagiza. Niliwahi kukaa siku mbili chumbani kwangu Kondele nikilaumu waya, nikabadilisha waya, nikabadilisha hata sensa. Osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, ilinionyesha kosa kwa dakika tano: mawimbi ya baiti saba kamili, na la nane limekatwa shingo.

I2C, njia nyingine ya kuunganisha sensa kwa waya wa data na waya wa saa unaopiga mdundo, ina tabia yake, na imekuwa nayo tangu Philips walipoibuni mwaka 1982. Stima ikiyumba, kidhibiti, yaani chipu inayouliza, kikaanza upya katikati ya usomaji wakati sensa haikuzimika, sensa hubaki imeshikilia waya wa data chini ikingoja mipigo ya saa ambayo haiji. Laini nzima inakwama. Dawa yake inajulikana: piga mipigo tisa kwenye waya wa saa, kisha tuma ishara ya kusimama. Karneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa kompyuta, inao utaratibu huo wa kuikomboa laini. Draiva nyingi ninazoletewa kutengeneza hazina. Zina kitanzi kinachongoja bila kikomo, na mwenye kifaa anaambiwa achomoe na kuchomeka tena. Stima ya kwetu inavyocheza wakati wa mvua, huwezi kuandika hivyo halafu useme umemaliza.

Wenzangu huniambia mteja hangoji, maktaba za msimbo ulioandikwa tayari zipo, tumia. Nami nazitumia. Lakini kabla sijaiweka maktaba kwenye kifaa cha mtu, nasoma sehemu moja bila kuruka mstari: inafanya nini jibu lisipokuja. Ni kazi ya nusu saa. Wanaofundisha vijana wetu umeme na kompyuta wangewapa zoezi hilohilo, kwa sababu vijana wakiona nambari imetokea kwenye skrini wanapiga makofi na kufunga laptopu.

Nilirudi Dunga baada ya wiki mbili na draiva niliyoiandika mwenyewe, na kiungio kipya kilichozibwa vizuri. Mbele ya mama nilichomoa waya wa sensa. Ikajaribu mara tatu, kisha skrini ikaandika: "Sensa haijibu. Usomaji wa mwisho 5.8, saa 4:10 asubuhi." Simu yake ikalia mfukoni. Aliutazama ujumbe kwa muda, kisha akauliza kama inaweza kumpigia na mwanawe, yule anayelala karibu na maji. Nikaiongeza nambari ya kijana palepale, nikachomoa waya tena ili tusikie simu ya pili.