Mrija wa figo na safari ya Dar: mabingwa wa tiba radiolojia wafundishwe wapi?

Mwanamke wa Newala ambaye saratani ya mlango wa kizazi imeziba mirija ya kushusha mkojo hana muda mrefu. Mkojo unarudi nyuma, figo zinavimba, sumu inapanda kwenye damu, na mara nyingi hata dawa za saratani haziwezi kuanza mpaka figo zipate njia. Njia hiyo hufunguliwa kwa sindano. Daktari anaitazama figo kwa utrasaundi, anachoma mgongoni, anapitisha waya, kisha juu ya waya huo anasukuma mrija mwembamba unaotoa mkojo hadi kwenye mfuko ulio nje. Mgonjwa hapasuliwi, ganzi ya sehemu ile kwa kawaida inatosha.

Hiyo ndiyo tiba radiolojia, yaani kutibu kwa sindano na mirija huku picha zikimwongoza daktari, na ndio mfano ninaoushika kila ninapolipima swali hili linalotugusa watu wa kusini: wanaosomea fani hii wafundishwe Muhimbili peke yake, au sehemu ya mafunzo ishuke mpaka Mtwara?

Chuo Kikuu cha Muhimbili, MUHAS, kilianza kuifundisha mwaka 2019. Ni ubingwa bobezi: mtu anamaliza udaktari, utarajali na ubingwa wa radiolojia, ndipo anaongeza miaka 2. Mwanzoni walimu wengi walikuja kwa zamu kutoka nje, hasa Marekani, kwa kuwa nchini hawakuwepo wa kutosha.

Wanaotaka mafunzo yabaki Dar wana hoja nzito. Mkono wa daktari hufunzwa kwa kurudia, na hospitali inayopokea wagonjwa wa nchi nzima humpa mwanafunzi leo jipu la ini, kesho nyongo iliyoziba, kesho kutwa mama mwenye uvimbe wa kizazi unaomwagisha damu, ambaye mshipa unaoulisha uvimbe huo huzibwa kwa kupitia katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Kazi hii ya mwisho inataka mashine ya kupiga picha za mishipa, aproni za kukinga mionzi na ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Na ini likichomwa vibaya usiku, lazima awepo daktari wa upasuaji, iwepo damu na chumba cha wagonjwa mahututi. Tena mgonjwa wa Tandahimba si daftari la mazoezi. Akichomwa na mwanafunzi ambaye mwalimu wake yuko umbali wa zaidi ya kilomita 500, amedhulumiwa.

Hayo yote nayakubali. Ila yanahusu kuuweka mrija, na mgonjwa ataishi nao baada ya hapo.

Mrija wa figo haudumu. Hujaa chumvi za mkojo, hupinda, huchomoka mgonjwa akigeuka usingizini. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi. Aliyewekewa Dar inambidi arudi kama mara 4 kwa mwaka, na kila safari ni nauli yake, nauli ya anayemsindikiza na pa kulala. Nyumba nyingi za huku hushika fedha msimu wa korosho, nao mrija haungoji msimu. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga, mkoani Lindi. Hata mwenye nauli mkononi alikwama. Mrija ukiziba siku hizo, maambukizi huingia kwenye damu.

Daktari anayejifunzia Dar huuona mrija siku unapowekwa, na huwaona wanaorudi. Wale wasiorudi yeye hawaoni, na kwangu hilo ni pengo katika elimu yake, hata kama mkono wake ni hodari.

Kwa hiyo sidai mafunzo yote yahamie huku. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkono ukishatulia, akae miezi 3 Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, iliyozinduliwa 2023 kwa ajili ya rufaa zetu. Afanye kazi za utrasaundi: kuweka na kubadilisha mirija ya figo, kutoa usaha wa majipu, kuchukua vinyama vya kupima. Mambo ya mishipa yabaki Muhimbili. Wauguzi atakaofanya nao kazi watabaki na ujuzi wa kuosha na kulinda mrija baada ya yeye kuondoka, na hilo nalithamini pengine kuliko miezi yake yenyewe.

Kinachonitia wasiwasi ni mwalimu. Mabingwa hawa ni wachache. Kila anayeshuka Mtwara anaacha foleni nyuma yake. Jibu nililonalo ni zamu fupi za wiki mbili mbili. Ikiwa walimu waliweza kuvuka bahari kutoka Marekani kwa zamu, kutoka Dar hadi Mtwara kwa ndege ni chini ya saa mbili.

Na kabla mwanafunzi wa kwanza hajafika, lipo jambo lisilohitaji mashine wala bingwa. Hospitali za Mtwara na Lindi zifungue daftari la wenye mirija: uliwekwa lini, unatakiwa kubadilishwa lini, na namba ya simu ya ndugu wa kumpigia wiki mbili kabla.