Huyo jaji amsikilize Roosevelt kwanza

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kwenye mdahalo wa shule, yupo form two, na nimerudi na hasira ambayo mpaka leo Jumanne haijanitoka. Mada ilikuwa vikoba na benki, kipi kinamsaidia zaidi mtu wa kipato cha chini, na yeye alipangwa upande wa benki. Zamu yake ilipofika kasimama bila karatasi, kaanza taratibu kabisa: pesa yako ukiipeleka benki haikai kwenye droo yenye jina lako, anakopeshwa mwenye duka, mwenye duka anarudisha na riba, ndo maana ukienda kuchukua ya kwako unaikuta. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, mtoto wake yupo timu pinzani, alikuwa anaitikia kwa sauti "ehee, ehee" kama yupo kwenye maongezi nyumbani kwake. Halafu jaji akasimama kutoa maoni akamwambia lugha yako nyepesi mno, haina uzito wa jukwaa, kajifunze kwa marais wa Marekani, wakina Kennedy na Obama, uone ufasaha unavyokuwa. Maksi akapewa kijana aliyemwaga misamiati ambayo yule mama hakuitikia hata mara moja.

Kwenye daladala mtoto kimya, tumefika karibu na kushuka ndo akaniuliza, "Mamdogo, kwani niliongea vibaya?"

Sasa mi hotuba za marais wa Marekani nazifuatilia tangu 2008, ile mwaka ambao huku kwetu hata asiyejua Kiingereza alikuwa anamsikiliza Obama, na kama ni kujifunza kwao basi tuanze na yule ambaye jaji hakumtaja, Franklin Roosevelt, kwa sababu alichokifanya huyo mzee usiku wa Jumapili tarehe 12 Machi 1933 ni kile kile alichokifanya huyu binti.

Fikirieni hali ilivyokuwa. Tangu 1929 uchumi umeanguka, mabenki kwa maelfu yamekufa na pesa za watu, waliobaki wanapanga foleni kutoa kila walichonacho na kadri wanavyotoa ndo benki nyingine zinazidi kufa. Roosevelt kaapishwa tarehe 4 Machi, tarehe 6 kafunga mabenki nchi nzima, na Jumatatu tarehe 13, kesho yake baada ya usiku huo, baadhi yanafunguliwa. Hakuna mtu anayejua watu watakuja kuweka au kutoa. Yaani rais ana siku 8 tu kazini, akikosea maneno usiku ule asubuhi nchi haina benki. Akakaa mbele ya kipaza sauti cha redio, akaanza na "marafiki zangu", akasema nataka tuongee dakika chache kuhusu benki, na jambo la kwanza kabisa alilowaeleza ni kwamba ukiweka pesa benki hawaifungii kwenye sanduku la chuma, wanaizungusha kwenye mikopo ili viwanda na kilimo viende. Hilo ndo la kwanza! Akaendelea hivyo hivyo, hatua kwa hatua, kwa nini tulifunga, zipi zinafunguliwa kesho, zipi zitachelewa na kwa nini, mpaka akafika pale anapowahakikishia kwamba pesa ipo salama zaidi kwenye benki iliyofunguliwa kuliko chini ya godoro. Godoro. Rais wa nchi kubwa kiasi kile, kwenye saa mbaya kuliko zote, kachagua kutaja godoro kwa sababu alijua pesa za watu ziko wapi usiku ule.

Jumatatu foleni zilikuwepo, ila watu walikuja kurudisha. Mchekeshaji mmoja maarufu wa zama zile, Will Rogers, akasema rais kaielezea benki mpaka wenye mabenki wenyewe wameelewa.

Nikisoma habari hiyo huwa namkumbuka bibi yetu mzaa mama. Pesa yake aliifunga kwenye pindo la khanga mpaka uzee wake, siku ya msiba tukafungua fundo tukakuta noti ambazo zilishaondolewa kwenye mzunguko zamani. Bibi hakuwa mjinga, alikuwa anauza vitunguu na hesabu zake hazikosei, ila katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza kwa lugha yake pesa ikiingia benki inaenda wapi. Waliomhutubia walikuwa wengi.

Na msidhani urahisi ule ulikuja wenyewe. Roosevelt alikuwa na waandishi, rasimu zinapitiwa tena na tena, anaongea taratibu kuliko watangazaji wa redio wa wakati huo. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya chini, kipaza sauti kikawa kinanasa kamluzi, akatengenezewa jino la kuvaa kwa ajili ya redio tu. Waliokuwa naye chumbani wanasimulia alivyokuwa anatabasamu na kutikisa kichwa na mikono inacheza kama walengwa wamekaa mbele yake kwenye viti. Februari 1942, Vita vya Pili vya Dunia vimechachamaa, aliwaomba watu watafute ramani ya dunia wakae nayo karibu na redio, na kweli ramani zikanunuliwa, akawa anawatembeza bahari moja baada ya nyingine. Kwa miaka 12 alifanya maongezi ya aina hiyo kama 30 tu, ndo maana akiita watu wanakaa.

Nakiri, na inaniuma kukiri, kwamba siku 4 kabla ya maongezi hayo ya ramani mtu huyo huyo alisaini amri iliyopeleka watu kama 120,000 wenye asili ya Japani kambini, wengi wao raia wa Marekani, hawajafanya kosa lolote. Ulimi ule haukuwatetea. Siwezi kumsifu halafu hilo nikalifunika.

Kennedy nampa haki yake, ile ya Januari 1961 ya usiulize nchi itakufanyia nini imekaa kichwani mwa dunia nzima na haitatoka. Johnson watu wanamsahau, lakini tarehe 15 Machi 1965, wiki moja tu baada ya polisi kuwapiga waandamanaji weusi kule Selma, mji wa jimbo la Alabama, mzee wa Texas asiye na mvuto wowote wa jukwaa kasimama mbele ya Bunge akatamka maneno ya wimbo wao wenyewe, kwamba tutashinda, kama ya kwake. Reagan, sikubaliani na mengi ya siasa zake, ila Januari 1986 chombo cha anga za juu cha Challenger kilipolipuka na watu 7, mmoja wao mwalimu, na watoto mashuleni wanaangalia kwenye televisheni, kaahirisha hotuba yake kubwa ya jioni ile akaongea dakika chache tu, na katikati akawageukia watoto wa shule akaongea na wao.

Na Obama, ambaye jaji kamtaja. Mwambieni akaangalie ile ya Charleston, Juni 2015, kwenye mazishi ya Mchungaji Clementa Pinckney aliyeuawa pamoja na waumini wenzake 8 ndani ya kanisa. Obama kafika kwenye neno neema, kalirudia, kanyamaza. Kainamisha kichwa, sekunde zaidi ya 10 hakuna neno, maaskofu nyuma yake wanangoja, halafu kaanza kuimba polepole kwa sauti ya mtu wa kawaida, mpiga kinanda anahangaika kumtafutia ufunguo wa wimbo, ukumbi mzima ukasimama. Hapo hakuna msamiati hata mmoja. Mwezi mmoja baadaye yupo Kasarani, Nairobi, anawasalimia vijana "niaje wasee", anawasimulia gari la dada yake Auma, kale ka-Volkswagen kalikokuwa kanawazimikia njiani, na babu yake mpishi wa Wazungu aliyeitwa boi akiwa mtu mzima. Sasa hapo ugumu wa lugha uko wapi?

Jumapili usiku nilimtafutia mtoto rekodi ya Roosevelt kwenye simu, nikawa naisimamisha kila sentensi namtafsiria. Mwanzoni alikuwa amenuna, anacheza na uzi wa shuka. Ilipofika kule kwenye pesa haifungiwi kwenye sanduku akanyanyua kichwa akaniangalia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mamdogo, rudisha pale kwenye godoro." Tukarudisha mara tatu. Akaenda kuchukua daftari.

Wana mdahalo mwingine mwezi ujao, mada bado hawajapewa. Ameniomba nimsimulie tena habari ya bibi na khanga, yote, mpaka rangi ya zile noti.