Dari Limebaki Njano, Nimetakata Mimi

Jamani motohomu yetu, lile gari lenye nyumba ndani yake, ni kuukuu, na plastiki ya bafuni yote, kuta, sinki mpaka fremu ya kile kidirisha cha juu darini, ilikuwa njano ile ya meno ya mvuta sigara wa siku nyingi. Mke wangu akatangaza haogi tena mle ndani. Nikasugua na sabuni, nikasugua na siki, magadi nayo nikamaliza kopo, wapi bwana! Kumbe ile sio uchafu, ni plastiki yenyewe, ABS, inapigwa na jua na hewa miaka na miaka mpaka inabadilika rangi, ndo maana nilipong'oa kikabati cha kioo nyuma yake nikakuta peupe pee.

Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi, ile krimu ya saluni ya asilimia 12 ya kubadilishia rangi ya nywele. Unapaka nene, unafunika na nailoni ya jikoni isikauke maana ikikauka inaacha mabaka, halafu unaimulika na taa ya yuvi, yaani taa ya miale kama ile ya jua, au unaiacha juani. Mimi bafu sing'oi, kwa hiyo taa. Nikavaa glavu, nikavaa na miwani ya kuogelea, mke wangu akacheka weee, ila ile miwani Mungu ambariki aliyeibuni.

Kuta zikaenda fresh. Kasheshe dari. Bafu lenyewe ukikaa chooni magoti yanagusa mlango, sasa mtu mzima nimesimama juu ya choo shingo imekunjwa, napaka krimu juu, nabandika nailoni, nikimaliza kona hii ile nyingine inabanduka, narudia, huku matone yananidondokea kichwani tap tap tap na mimi najua ni jasho tu, si joto lile, taa inawaka mlango umefungwa. Mchana wote niko hivyo.

Mara dari lote likaachia. Nailoni na krimu yake vikanifunika kichwa hadi mabegani, nikawa nakanyaga hovyo, mguu mmoja ukazama chooni. Nafungua shawa, haitoi hata tone! Nilizima pampu mwenyewe asubuhi kubana maji ya tenki, na swichi iko kule mbele karibu na dereva.

"Mama, washa pampu!"

"Pampu ya nini, baba? Si umesema tubane maji?"

"WASHA!"

Kimya. Nikafungua mlango nikatoka hivyohivyo na nailoni inaburuzika, kumbe alikaa kimya kwa sababu ameshika simu anarekodi, mkono mwingine umeziba mdomo. Maji yenyewe yalikuja baada ya video kukamilika.

Matokeo sasa. Kuta zimekuwa nyeupe, kweli, ila zina michirizi kila mahali nailoni ilipojikunja. Dari njano vilevile. Kichwa changu cheusi kimegeuka rangi ya kutu kwa mabaka, na nyusi moja, moja tu, imekuwa ya shaba. Kichwa nimenyoa, lakini nyusi utanyoaje?

Dari nitapiga primaya, ile rangi ya kutanguliza, na rangi ya plastiki, yuvi sitaki hata kuisikia. Mke wangu anasema nisihangaike, atakuwa anaoga ameangalia chini.