Usiku Karavani Lilipopiga Magoti

Kwetu Mtongwe kuna sheria ambayo haijaandikwa popote ila kila mtu anaijua: shamba la marehemu babu halijagawanywa, kwa hivyo hakuna ruhusa kuweka jiwe juu ya jiwe. Ukitaka kupanda mihogo, panda. Ukitaka kufunga mbuzi, funga. Lakini uonekane na mfuko wa saruji tu, Ami anaitisha kikao kabla hujaufungua. Warithi ni wengi, wengine wako Dubai, mmoja yuko Uingereza na hashiki simu, na mpaka wote wakae mkeka mmoja, shamba ni minazi, miembe na maneno.

Mimi nilikuwa nimechoka kulipa kodi ya chumba kule Majengo, chumba ambacho ukinyoosha mkono unafungua mlango na ukinyoosha mguu unaufunga. Ndipo nikaliona karavani kwenye yadi moja ya Changamwe. Nyumba nyeupe ya Kijerumani, ya kukokotwa na gari, ina kitanda, sinki, meza ya kukunja na kijokofu. Wenyewe waliliacha wakarudi kwao kwa ndege. Niliyapiga teke magurudumu, yakanesa. Nikajisemea, nyumba yenye magurudumu si nyumba, ni gari. Na gari halijengwi, gari huegeshwa.

Siku zile barabara ya Dongo Kundu ilikuwa haijafunguka upande wetu, kwa hivyo njia ilikuwa feri. Tulifika maji yamekupwa, ngazi ya feri imelala mteremko mkali, na mkia wa karavani ukakwaruza chuma kwa sauti iliyowafanya abiria wote wa Likoni wageuke. Kuvuka kwa miguu ni bure, kwa hivyo ushauri nao ulikuwa bure na mwingi. Mmoja aliniuliza nauza chipsi au ni kliniki. Mama mwingine alipanga foleni kabisa mbele ya dirisha.

Ami alilizunguka taratibu, mikono nyuma, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Hili lina magurudumu?"

"Linayo, Ami."

Akainama, akachungulia chini kama kuna msingi niliouficha. Hakupata. Lakini Ami si mtu wa kushindwa na kijana aliyemlea mwenyewe. Akaninyooshea kidole upande wa chini wa shamba, nyuma ya mwembe mkubwa. "Basi liegeshe kule, usituzibie njia." Kule ndiko maji yote ya shamba hushuka mvua ikinyesha. Yeye alijua. Mimi nilikuwa naangalia kivuli.

Karavani, kwa wasiolijua, limeundwa kwa ajili ya watu wa theluji. Kuta zake zimejazwa povu gumu la kuzuia joto lisitoke, na chini ya kabati kuna chombo cha gesi cha kupasha chumba moto. Mwezi wa Februari, nje kukiwa nyuzi 33, joto lilikuwa likiingia mchana na kukataa katakata kutoka usiku. Nililala mlango wazi, nikaliwa na mbu. Nikaufunga, nikaiva. Kile chombo cha moto nikakigeuza ghala la vitunguu.

Nikawa naomba masika yaje. Yakaja.

Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko miezi yote Mombasa, zaidi ya milimita 200 kwa kawaida, na nyingi ya hiyo nadhani ilipitia kwangu. Ndani kukawa na mvua ya pili. Ukiwasha meko kwenye kijumba kilichofungwa, gesi ikiungua hutoa mvuke, na mvuke wa sufuria unaongezea, halafu wote unapanda, unakutana na paa lililopoa, unarudi matone. Nilikuwa nakula wali huku unaongezewa maji. Chumvi ikawa uji. Viatu vyangu vya Ijumaa viliota manyoya ya kijani, na godoro nikiligeuza nakuta majongoo wamekaa kikao, bila shaka cha mirathi. Nilifikiria kuingiza jiko la makaa usiku nikaushe. Shangazi akalipokonya mlangoni. "Watu hulala na makaa milango imefungwa, asubuhi wanatolewa kwa jeneza. Kaa na majongoo wako." Kwa hilo sikubishana naye. Moshi wa makaa usiouona ndio unaoua.

Halafu nazi. Nazi iliyokomaa ikianguka kutoka juu kabisa ya mnazi mrefu na kupiga paa la bati jembamba, wewe uliye chini hushtuki, unatoa shahada.

Sasa lazima nieleze jinsi hiki kitu kinavyosimama, maana hapo ndipo kisa kilipo. Karavani langu lina ekseli moja tu, magurudumu mawili katikati. Mbele, kwenye chuma cha kufungia gari, kuna kigurudumu kidogo cha kulishikilia lisiiname. Kwenye pembe nne kuna miguu ya chuma ya kuteremsha kwa kuzungusha. Ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu. Upepo wa bahari yetu hauheshimu chuma cha Mjerumani. Kwa hivyo uzito wote wa pua ulikaa kwenye kile kigurudumu, nami nilikuwa nimekipandisha juu ya mawe mawili ya matumbawe kisizame. Mawe mawili. Moja juu ya lingine. Usiku, Ami akiwa msikitini.

Masika yalikuwa yanaaga na kusi linaingia. Huo ndio msimu wetu wa baridi. Watu wa bara hutucheka, lakini kipimo kikishuka nyuzi 21 usiku na upepo wa bahari ukaanza kuvuma, Mombasa nzima inavaa sweta. Usiku ule mvua ilikuja ya kulala, na upepo juu yake. Mimi nimejifunika shuka mbili na taulo. Sufuria ya mbaazi za nazi iko juu ya meko ikingoja mahamri ya asubuhi, na simu yangu nimeiegemeza pale pale kando yake, kwenye kona pekee ambayo mtandao hushika.

Nikasikia chini, *gwap*. Kisha nyumba ikasujudu.

Mawe yalizama, kigurudumu kikateleza, pua ikashuka na mkia ukapanda. Kila kilichokuwa nyuma kikaanza safari ya mbele. Kabati likafunguka, vitunguu vikamwagika, dumu la maji la lita 20 likabingirika likanipita mimi nikiwa bado nabingirika, sufuria ikapinduka na simu ikazama katika mbaazi. Nilipotulia nilikuwa mbele kabisa, uso umebanwa kwenye dirisha kubwa la plastiki, giza, mvua, na harufu ya tui.

Nikapapasa, nikapata tochi. Nikaiwasha, nikaielekeza dirishani.

Upande wa pili wa plastiki, pua kwa pua nami, alikuwa amesimama mtu amejifunika leso kichwani. Leso ina maua mekundu, imeloa. Nikashusha mwanga taratibu, kwa sababu kila aliyelelewa Mombasa anajua habari za yule jini mwanamke mrembo wa usiku, na anajua pa kuangalia: miguuni.

Kwato. Mbili. Zimewekwa juu ya dirisha langu.

Sikupiga ukelele. Watu wamesema nilipiga, na kwamba ulisikika hadi kwa mkwezi jirani yetu, lakini mimi nawaambia ule ulikuwa upepo. Nilichofanya ni kukimbilia mlango. Mlango unafunguka kwa nje, na kwa vile pua ilikuwa imezama, ncha yake ya chini ilikuwa ndani ya tope. Nikausukuma kwa bega, ukanirudisha. Madirisha ya pembeni, vitasa vyote kutu. Nyuma yangu, kwato zikagonga: ko, ko, ko. Kwa adabu kabisa, mgeni anabisha hodi.

Ikabaki tundu la hewa la juu, sentimita 40 kwa 40. Nilipanda juu ya meza, nikasukuma kifuniko, nikatoa kichwa, mabega kwa shida, kisha kifua. Hapo mbaazi za miezi mitatu zikadai haki yao. Tumbo halikupita. Kurudi nyuma nako mbavu zilikataa. Nikabaki nusu ndani na nusu juu ya paa, mvua inanipiga, nimevaa singlendi nyeupe, tochi mkononi imenimulika usoni kwa chini, nami naita kwa sauti iliyokwisha kukauka.

Kutokea nyumba kubwa nikaona mwanga wa taa unakuja. Alikuwa Ami, na panga, na mwavuli. Akafika umbali wa kutosha kuliona karavani limeinama, na juu yake kiwiliwili cheupe kisicho na miguu kikipunga mikono.

Akasimama. Mwavuli ukaenda zake na upepo. Akaanza Ayatul Kursi.

"Ami! Ni mimi!"

Akaongeza sauti.

"Ami, wallahi ni mimi! Mwanao!"

"Jini naye hujua kumwita mtu ami," akasema, bila kusogea hata hatua. "Kama u mwanangu, mamako huitwaje na nyanyako aliyemzaa alizikwa wapi?"

Nikajibu yote. Nikataja mpaka deni analodaiwa na duka la pale chini, jambo ambalo nadhani ndilo lililomshawishi, kwa sababu alinyamaza ghafla na kuangalia nyuma kama kuna mtu anayesikia. Ndipo nikamwambia, Ami, mimi si jini, jini yuko mbele, kwenye dirisha, amevaa leso. Nikaona panga linaanza kutetemeka.

Aliyemaliza mambo ni Shangazi. Alikuja nyuma ya Ami, peku, amejitanda mfuko wa nailoni kichwani. Akapita katikati yetu, akaenda moja kwa moja hadi puani mwa karavani, akanyoosha mkono, akavuta leso.

"Mee," akasema yule jini.

Ilikuwa beberu ya Shangazi. Mbuzi hapendi kulowa miguu. Tope lilipojaa kule chini alipanda juu ya sanduku la mtungi wa gesi pale mbele, akasimama kwa miguu ya nyuma akitafuta kuingia. Upepo ulikuwa umeichomoa leso kwenye kamba, kamba niliyoruhusu mwenyewe ifungwe kutoka mwembeni hadi kwangu, ukamvika kwenye pembe zake. Tena sanduku lile lilikuwa limeshabeba mtungi, na yule beberu si mwepesi. Ukiniuliza mimi, ndiye aliyelizamisha karavani. Shangazi anasema ni uzito wangu. Kikao bado hakijaamua.

Kunitoa kulichukua muda. Mkwezi alikuja na ngazi, akanikagua kwa jicho la mtu aliyezoea vitu vilivyokwama juu, akaomba mafuta ya nazi. Akanimiminia kiunoni chupa nzima, Ami akavuta mkono mmoja, yeye mwingine, na kijana wake akasukuma nyayo zangu kutokea chini, kupitia dirisha walilolivunja. Nilitoka na ngozi kidogo imebaki Ujerumani.

Kulipopambazuka mvua ikapumzika. Ami alirudi peke yake, amekunja suruali hadi magotini. Akachuchumaa mbele ya karavani, akaingiza mkono kwenye tope hadi kiwiko, akapapasa, akapapasa tena. Uso wake ukang'aa. Akatoa jiwe la kwanza. Akarudisha mkono, akatoa la pili. Akayapanga mbele yangu, moja juu ya lingine, akajipangusa.

"Hii ni nini?"

Nikasema ni breki.

Kikao kiliitwa alasiri ile ile. Wa Dubai waliingia kwa simu, na yule wa Uingereza, ambaye kwa mambo ya hati hapatikani mwaka mzima, alishika simu mlio wa kwanza na kutaka aonyeshwe picha. Uamuzi: karavani liondoke shambani mara moja. Pikapu ikaletwa kulivuta, nayo ikazama hadi kwenye ekseli, ikalala pale mpaka udongo ukakauka. Kwa hivyo kwa wiki kadhaa nilikuwa na majengo mawili yasiyo halali badala ya moja.

Shangazi mambo ya mawe hayakumhusu. Alikuwa ameshika leso yake, ametandaza pindo ambalo beberu alilitafuna wakati sisi tunabishana juu ya nani ni jini. Nikamwambia nitamlipa, ni leso moja tu.

"Moja? Leso huuzwa doti, mwanangu. Hii nyingine nitaivaa na nini?"

Nikavuka feri, nikaenda Barabara ya Biashara, nikazunguka maduka hadi nikapata maua mekundu yaliyokaribiana na yale. Nikamletea doti nzima, imekunjwa vizuri. Akaifungua, akaipeleka juani, akasoma jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, akaikunja tena.

"Nzuri," akasema. "Mpelekee mbuzi."