Ganzi ya Mdomo, Uchungu wa Tyson

Jamani, gego limeshang'olewa, shavu limevimba kama nimeficha limau zima, lakini kinachoniuma si jino. Ni dokta.

Foleni naiacha. Yule mama wa "naulizia tu kidogo" aliyeingia mbele yangu akatoka baada ya nusu saa, namwachia Mungu.

Mimi huyo chali kitini, ganzi imeshakolea, mdomo wazi, koleo limo ndani. Ndipo bwana mkubwa anakumbuka masumbwi. "Kaka, unajua Tyson alipopigwa na Buster Douglas alikuwa keshakwisha yule?"

Keshakwisha! Tokyo, Februari 1990, Tyson ana miaka 23! Mimi kwa umri huo bado nilikuwa naulizwa nyumbani nimelala wapi. Mtu kapigana mara 37, kashinda zote 37, leo unamwita mzee? Nikamjibu, kwa heshima zote: "Aaagh! Uuugla!"

"Eeh, umeona?" akasema. Yaani nimekubali!

Nikamwinulia vidole viwili, kisha vitatu, aelewe 23. Akanishika mkono kwa upole: "Tulia, mizizi ni miwili tu."

Haya, nakiri. Kocha wa Tyson, Kevin Rooney, alishatimuliwa, na wasaidizi wa kona yake siku ile walikuwa aibu: jicho la bingwa wa dunia linafumba, wao wanalikanda kwa glovu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu! Lakini huo ni uzembe, uzee unaingiaje? Na Douglas aliyefiwa na mama yake wiki kama tatu kabla? Raundi ya nane kalambishwa sakafu, kanyanyuka, ya kumi kamlaza mtu. Tyson anatambaa ulingoni anasaka kinga ya meno, anaichomeka mdomoni upande upande, mwamuzi anamaliza kuhesabu. Hapo nani alichoka, dokta? Mbona Douglas mwenyewe alipozimwa na bondia Holyfield Oktoba ya mwaka uleule, raundi ya tatu, hakuna aliyesema kazeeka? Tulisema kanenepa, kwa sababu kweli alinenepa!

Hayo yote nimeyasema nikiwa njiani, peke yangu, nusu ya mdomo haifanyi kazi, watu wananipisha.

Tena kaniambia leo nisiongee sana. Wiki ijayo nirudi, kuna jingine limetoboka. Safari hii nakwenda na karatasi, nimeandika 23 kubwa. Yaani nitaandika, nikipata kalamu. Hivi kalamu za humu ndani huwa zinakwenda wapi?