Asilimia 25 ya Leicester na milioni 60 za Ngamiani

Kila Juni, Waziri wa Fedha akishasoma bajeti Dodoma, ndugu zangu wa Tanga hunirudia na swali lilelile. Huko Uingereza kodi ya kampuni ni asilimia ngapi? Nikisema 25, kuna atakayecheka na kuna atakayesonya. "Sisi 30, nyinyi 25, na bado mnalia." Kujibu kwa ujumbe wa sauti kumenichosha, maana sijafika katikati mtu keshahamia habari za Coastal Union. Kwa hiyo leo naandika.

Ukimpima mwenye duka wa Ngamiani, kule Tanga, na mwenye kampuni ndogo wa Leicester, huku Uingereza, kwa asilimia hizo mbili tu, bado hujapima kitu. Uliza kwanza asilimia ya nini. Halafu uliza inadaiwa lini, na mlipaji aliambiwa mapema kiasi gani.

Mimi nina kampuni ya usafi. Jioni watu wakitoka maofisini sisi tunaingia: kufagia, kupiga deki, kusugua vyoo, kutoa taka, kufunga milango. Wafanyakazi wangu wengi ni wa saa chache kwa wiki. Ukishatoa mishahara, sabuni, mafuta ya gari na bima, kinachobaki ndiyo faida, na faida hiyo ndiyo inayotozwa.

Tangu 2017 kampuni za huku zilikuwa zikilipa asilimia 19 ya faida, ndogo na kubwa. Machi 2021, Rishi Sunak, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba kufika Aprili 2023 kiwango kitapanda hadi 25. Septemba 2022 Waziri wa Fedha mpya, Kwasi Kwarteng, akaifuta nyongeza hiyo. Mwezi uliofuata Kwarteng akafukuzwa, Waziri Mkuu Liz Truss akairudisha nyongeza aliyoahidi kuifuta, na haikupita wiki naye akatangaza kuondoka. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Sikujua kwamba hata London wamo.

Vurugu zote hizo, lakini kampuni ndogo kabisa hazikuguswa. Faida isiyozidi pauni 50,000 ilibaki kwenye 19. Anayelipa 25 kamili ni mwenye faida inayozidi 250,000. Katikati kuna unafuu unaopungua kadiri faida inavyopanda. Chukua kampuni yenye faida ya pauni 60,000: kwa kiwango cha zamani ingelipa 11,400, sasa inalipa 12,150. Nyongeza ni pauni 750 kwa mwaka mzima. Inauma, lakini haimfungishi mtu biashara.

Ila kuna jambo watu hawalioni. Zile pauni 10,000 zilizozidi 50,000 zimetozwa asilimia 26.5, kwa sababu ya unafuu unaoyeyuka. Kwa hiyo mtu anayejikongoja kukua analipa, kwenye kila pauni mpya, zaidi ya kampuni kubwa yenye majengo mia. Sijamsikia mwanasiasa akilisema hili jukwaani.

Na kinyozi au dereva teksi asiye na kampuni, kodi hii haimhusu kabisa. Yeye analipa kodi ya mapato ya mtu binafsi. Huku nako wapo wengi wanaolia kwa kodi ambayo si yao.

Aliyeumia ni rafiki yangu mmoja wa Pangani. Ana mgahawa na ana saluni, kila kimoja kampuni yake, maana alishauriwa asiweke mayai yote kapu moja. Sheria inasema kampuni mbili za mtu mmoja zinagawana mipaka: ile 50,000 inakuwa 25,000 kwa kila moja. Kampuni moja yenye faida ya pauni 40,000, iliyokuwa ikilipa 7,600, sasa inalipa 8,725. Zidisha kwa mbili. Faida ni ileile, wateja ni walewale, na kila mwaka zinatoka pauni 2,250 za ziada kwa sababu tu kampuni zote mbili ni za mtu mmoja.

Halafu kuna kodi zinazopanda bila kuitwa kodi ya kampuni. Fedha ikishatozwa ndani ya kampuni, nikitaka kuitia mfukoni kama gawio inatozwa tena. Mwaka 2016 gawio la hadi pauni 5,000 lilikuwa halitozwi. Likashushwa hadi 2,000, Aprili 2023 likawa 1,000, mwaka uliofuata 500. Mwezi uleule magazeti yalipojaa habari za asilimia 25, mimi nililiwa upande mwingine, kimya kimya.

Aprili 2025 ikaja zamu ya mchango wa bima ya taifa anaolipa mwajiri. Ulikuwa asilimia 13.8 juu ya mshahara unaozidi pauni 9,100 kwa mwaka. Ukawa asilimia 15 juu ya unaozidi 5,000. Mfanyakazi wangu wa pauni 9,000 nilikuwa simlipii kitu, sasa anagharimu 600 zaidi. Serikali iliongeza unafuu wa waajiri wadogo kutoka pauni 5,000 hadi 10,500, na kwangu unafuu huo umeumeza mchango wote. Wateja wangu wakubwa haukuwatosha. Mteja akibanwa, kitu cha kwanza anachokata ni usafi. Jengo moja tulilokuwa tukilisafisha kila siku ya kazi sasa tunalisafisha siku tatu, na barua yao ilitaja gharama za wafanyakazi. Kodi ya mkubwa ilinifikia kwa njia hiyo, na mwisho wa yote niliyempunguzia saa ni mama mmoja wa watoto wawili ambaye hana kampuni wala gawio.

Sasa turudi nyumbani.

Shangazi yangu ana duka la vyakula Ngamiani, Barabara ya 12. Mchele, sukari, unga, maharage, mafuta ya kupima, na friji la soda mlangoni. Siku ya kukadiriwa kodi, afisa alisimama kizingitini, akahesabu magunia kwa macho, akauliza pango la mwezi, akalitazama friji. Akaandika mauzo ya mwaka: shilingi milioni 60. Magunia manne kati ya yale yalikuwa ya jirani aliyeomba kuhifadhiwa. Friji ni la kampuni ya soda, lina hata kibandiko chao. Aliponipigia sikuwahi hata kumaliza shikamoo: "Marahaba, baba. Hivi huko kwenu nako wanakuja kukuhesabia magunia kwa macho?"

Hawaji, shangazi. Na hiyo ndiyo tofauti yote.

Shangazi hana kampuni, kwa hiyo ile asilimia 30 haimhusu. Mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 11 hadi milioni 100 kwa mwaka anatozwa, tangu 2022, asilimia 3.5 ya mauzo. Ukiisikia juu juu ni huruma. Asilimia 3.5! Sasa ipige: milioni 60 mara 3.5 ni shilingi 2,100,000. Biashara ya sukari na mchele haina faida nene. Tuseme katika kila shilingi 100 ya mauzo zinabaki 5, baada ya pango, umeme, wachukuzi na panya. Faida ya mwaka ni milioni 3. Akitoa kodi anabaki na laki tisa. Kodi imechukua asilimia 70 ya faida yake.

Upande wa pili wa barabara yuko mpambaji wa maharusi. Mpe mauzo yaleyale ya milioni 60, lakini yeye katika kila 100 zinabaki 40, kwa sababu anauza mikono yake na macho yake. Faida milioni 24. Kodi milioni 2.1 ileile, haifiki asilimia 9. Majirani wawili, kiwango kimoja, mmoja ananunua kiwanja na mwingine anakopa vikoba kulipa serikali. Na kampuni kubwa inayokwenda kwenye mikutano ya wadau kulalamikia 30, inalipa 30 ya faida. Ikipata hasara mwaka huu, mwaka huu imepumua. Shangazi akipata hasara, mauzo bado ni mauzo.

Wala si sisi tu. Vukeni pale Horohoro: Kenya mwaka 2023 walipandisha kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Serikali zinapenda mauzo kwa sababu yanaonekana. Faida inahitaji daftari, na daftari linahitaji mtu wa kulisoma.

Sheria yetu ina mlango, lazima niseme kweli. Mfanyabiashara binafsi anaweza kukataa kutozwa kwa mauzo, akaandaa hesabu kamili na kutozwa kwa faida. Shilingi 3,240,000 za kwanza za mapato ya mwaka hazitozwi. Kwa faida ya milioni 3, shangazi asingedaiwa kodi ya mapato hata senti moja! Nilipomweleza alinyamaza, kisha akauliza swali la mtu mzima: "Na huyo wa kuziandika hizo hesabu analipwa na nani?" Mhasibu ataomba risiti za manunuzi. Mchele wa shangazi unatoka Mombo kwa mtu anayeushusha alfajiri na bajaji, anachukua fedha taslimu na kuondoka. Risiti ya nini? Mlango upo, ila ufunguo wake anao mtu mwenye uwezo wa kuajiri mhasibu, na huyo mara nyingi si yule anayeuhitaji.

Kuhusu wakati, mimi kodi ya kampuni nadaiwa miezi 9 na siku moja baada ya mwaka wangu wa hesabu kufungwa. Fedha ya serikali inakaa kwangu, inanunua sabuni, inalipa mishahara ya mwezi mbaya, hadi siku yake. Shangazi analipa kwa awamu nne, ndani ya mwaka uleule, kwa makadirio ya mauzo ambayo hajayafanya. Machi anatoa kodi ya sukari atakayoiuza Novemba, Mungu akipenda. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni magunia aliyoyapanga ukutani, kutoa laki tano kabla ya Ramadhani, wakati ndiyo anatakiwa kujaza tende na sukari, kunamgharimu kuliko laki tano zenyewe.

Na kuhusu kuambiwa, sisi huku pamoja na vituko vya 2022 tuliijua nyongeza miaka miwili kabla. Nyumbani bajeti inasomwa katikati ya Juni, na 1 Julai sheria mpya inaanza. Watu wanapata wiki mbili. Ndiyo maana naudhika nikisikia mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023 ukielezwa kama wafanyabiashara hawataki kodi. Waliofunga maduka hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaenda kuwasikiliza walikuwa wakilalamikia kamatakamata ya risiti na usajili wa stoo. Ilikuwa habari ya namna wanavyofuatwa.

Sitaki kuifanya Leicester pepo. Hapa nikichelewesha ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, siku moja, faini inatolewa na kompyuta, na kompyuta haina aibu wala haikujui. Shangazi alikwenda na daftari lake la mkono, picha ya kibandiko cha friji na jirani mwenye magunia, wakakaa na afisa mwingine, kadirio likashuka hadi milioni 40. Mimi sina pa kukaa na mtu. Ingawa mlango huohuo wa maongezi ndio mlango wa kitu kidogo, na wote tunajua nani hushinda akiwa hana jirani wa kuja naye.

Ningekuwa na sauti Dodoma ningeomba kitu kimoja: kiwango cha mauzo kitenganishwe kwa aina ya biashara. Muuza nafaka asipimwe na mpambaji wa maharusi. Maofisa wanazijua faida za kila biashara mjini, wengine wake zao wana maduka.

Wakati naandika haya, mtoto wa shangazi huyohuyo amenipigia. Anabeba machungwa ya Muheza kwenda Dar kwa lori la kukodi, na wanunuzi wakubwa wamemwambia hawanunui tena kwa mtu asiye na kampuni. "Kaka, nisajili? Nikisajili si ndiyo naingia kwenye 30?" Nikamwambia apige hesabu ileile ya mama yake. Machungwa nayo faida yake ni nyembamba. Kwenye mauzo ya milioni 60 yenye faida ya milioni 3, asilimia 30 ya faida ni laki tisa, asilimia 3.5 ya mauzo ni milioni 2 na laki moja. Ile 30 inayotisha ndiyo nafuu yake. Ila hesabu zitahitaji mhasibu mwenye cheti, ritani itadaiwa hata msimu usiokuwa na chungwa, na akiandika hasara miaka 3 mfululizo atatozwa kodi ya chini, kwenye mauzo vilevile.

Amekubali. Sasa anatafuta mhasibu atakayekubali kulipwa baada ya mavuno.